Kucha

Hakizidi ukucha wa kidole cha mwisho.
Fundi Sembuche amekiweka juu ya gazeti
nyuma ya soko la Majengo, upepo wa Mei ukipiga mabati,
akakisukuma kwangu kwa ncha ya bisibisi:
"Hicho ndicho. Kipande chake cha pili sijui umekiacha wapi."

Nimetoka nayo Mtera kwa basi la alfajiri,
bolti peke yake, nimeitia ndani ya soksi ya mpira,
pamoja na karatasi ya polisi yenye mhuri:
Kifaa cha chuma, kimoja. Kibovu.
Bunduki imebaki kituoni, imefungwa mnyororo
kama mbwa mkali aliyeng'oka meno.

Usiku ule kiboko alikuwa kwenye mahindi ya Mama Mbeleje.
Umewahi kumsikia kiboko akila shambani?
Ni kama mtu anayechana shuka, bila haraka.
Chiwanga alishika tochi. Nikapiga.
Nikainua mkono wa bolti, nikavuta,
ikarudi mikono mitupu.
Ganda limebaki kwenye chemba, limeng'ang'ana kama kupe,
na risasi ya pili nilipoisukuma
ikagonga tako la mwenzake, ikakwama hapo,
mgeni aliyekuta mlango umekomewa kwa ndani.

Kiboko akageuka.
Sitasema niliwaza nini. Sikuwaza.
Tochi ilitetemeka, na yale macho mekundu
yakapanda na kushuka pamoja na mkono wa mtoto.
Kisha akapumua, puuu, akatupa mgongo,
akarudi bwawani akiburuta mabua,
na mpaka leo sijui kama nilimpata
au alichoshwa tu na kelele zetu.

Kulipokucha nilikata ufito wa mkole, mnyoofu,
nikauingiza mdomoni mwa mtutu, nikagonga kwa jiwe.
Mara ya tano ganda likadondoka,
jeusi shingoni, likinuka kiberiti kilicholowa.

Sembuche anavaa miwani juu ya miwani.
"Nani huipakia?"
"Alikuwa marehemu Ndahani. Mimi nimeirithi mwaka juzi."
"Ya marehemu sijauliza."
Anawasha taa, ananionyesha:
risasi ikipanda kutoka magazini
tako lake hujipenyeza lenyewe chini ya kucha,
taratibu, kama mtoto chini ya kwapa la mama.
Lakini ukiitumbukiza kwenye chemba kwa mkono,
ukafunga kwa pupa,
kucha inalazimika kuruka ukingo.
Mara moja itavumilia. Hata mara mia.
"Hii imepasuka juzi juzi. Ona jeraha linavyong'aa.
Kutu haijalijua bado."

Ndahani alizishindilia kwa kidole gumba, moja moja,
akihesabu kwa Kigogo chini ya pumzi.
Mimi nilimcheka. Nikasema, mzee, kutakucha.

Siku tatu Sembuche alikata, akapiga tupa,
akajaribu, akaguna, akapiga tupa tena
kwenye kipande cha springi ambacho hakuniambia kimetoka wapi.
Akakichoma mpaka kikawa na rangi ya embe bivu,
akakichovya kwenye oili chafu. Kikalia.
Fomu ya kituoni inauliza: Chanzo cha uharibifu?
na nafasi iliyoachwa ni mstari mmoja.
Nikaandika: uchakavu.

Jana Mama Mbeleje, mjane wa Ndahani,
kaja na mahindi ya kuchoma, yale machache yaliyosalia.
Akaigusa bolti kwa kidole kimoja, kama anapima uji.
"Alikaa nayo miaka kumi na tisa," akasema.
"Haikumkwamia hata siku moja. Imekuwaje?"

Nikavuta.
Inateleza sasa. Ganda la mazoezi likaruka,
likalia sakafuni, mbuzi akashtuka mlangoni.
Nikafungua mdomo.

"Mahindi yako ni matamu, mama," nikasema.
Akaniangalia mpaka nikamaliza gunzi zima.