Deni la Sukari

Mimi nilikuwa fundi wake, Glafira, mkono wa spana.
Msiniulize alikuwa shujaa wa namna gani.
Niulizeni mafuta ya injini yake yalinukaje
alfajiri za baridi, tulipoyachemsha ndani ya debe
na kuyamimina yangali moto, kama uji wa mgonjwa.

Yefim Zarubin. Mfupi, masikio makubwa.
Usoni alijipaka mafuta ya bata bukini
ili baridi ya juu isimchune ngozi,
na kila alipotua alinukia jiko la sikukuu.
Sisi wenye njaa tulimsogelea kwa sababu hiyo tu.

Mwaka wa kwanza walimwangusha mara mbili.
Mara ya pili alirudi kwa miguu, siku tisa,
kifuani ameficha saa aliyoing'oa kwenye dashibodi.
"Ifunge kwenye ndege nyingine," akaniambia. "Bado inakwenda."
Nikaifunga.
Ilichelewa dakika nne kila siku mpaka vita vikaisha.

Kule Kuban, mwezi wa nne, arobaini na tatu,
anga ilijaa ndege hata mawingu yakakosa pa kukaa.
Nilimchorea nyota ubavuni kwa rangi nyekundu:
sita, saba, kumi na nne.
Ya kumi na tano alinikataza.
"Yule alikuwa ameshafungua kioo ajitose," alisema,
"na kidole changu kilikuwa kimeshakwenda."
Pale pakabaki kijivu.

Kisha wakampa kikosi, kisha divisheni,
na pamoja na cheo, karatasi yenye mhuri: asiruke tena.
Mwewe, akafundishwe uhasibu!
Wakamchimbia handaki karibu na mstari wa mbele,
wakampa redio, darubini, na chai kavu.
Humo aliwaongoza kwa sauti vijana aliowalea:
Kumi na saba, kushoto. Kumi na saba, juani, tazama juani.
Kumi na saba.
Kumi na saba.
Nilikuwa nimeleta betri. Nilisimama nayo mikononi.
Aliiita namba ile mpaka askari wa redio
akajitia kukohoa, akageuza kitufe.

Kumi na saba alikuwa Tikhon Kolobkov, miaka ishirini,
bingwa wa drafti. Usiku walicheza kwa taa ya ganda la mzinga,
dau lao sukari ya mgao,
na kamanda wa divisheni nzima alishindwa kila usiku.
"Nakudai," kijana akicheka.
"Naandika," kamanda akijibu, na kweli aliandika,
nyuma ya pakiti ya sigara.

Barua kwa mama yake hakumwachia karani.
Zote aliziandika mwenyewe. Mia na ngapi, sijui.
Yeye alijua.

Siku vita vilipokoma, wenzake walifyatua risasi hewani
ukingoni mwa mto Oda. Yeye alilala saa ishirini,
viatu miguuni.

Majira ya baridi yaliyofuata tulipanda treni ya Vologda,
yeye, mimi (nilikuwa nimeshakuwa mkewe, hiyo ni hadithi nyingine)
na kifuko cha karatasi alichokishika kama yai.
Dawa ya deni kulipa.
Theluji ilitufika magotini; mbwa wa kijiji hawakuthubutu kutoka.

Mama Kolobkova alifungua mlango, unga mikononi.
Medali hakuzitazama.
Alimwaga sukari mezani, akavihesabu vipande kwa kidole,
polepole, midomo ikicheza:
kumi na moja.
Akaenda kabatini, akarudi na barua ya mwanawe,
akaikunjua pale ilipokwisha kuchakaa.
"Hapa," alisema, "ameandika kumi na mbili."

Sijapata kumwona Yefim akikosea hesabu,
si ya ndege, si ya risasi, si ya watu.
Aliusoma mstari ule akiwa wima.
Kisha akaketi juu ya gogo la kuni, kofia mapajani,
na yule mama, bila neno,
akatia kipande kimoja katika chai,
akamsukumia kikombe.