Palikuwa Pakavu

Kazi yangu uwanjani ni taulo.
Mchezaji akijirusha kuokoa mpira
na kuacha jasho sakafuni, umbo la kifua na kiwiko,
nakimbia, napiga magoti, nafuta,
narudi konani kabla filimbi haijalia.
Nina miaka kumi na minne. Jina langu Ilaria Hu.
Hapa Prato watu husoma beji yangu,
hunitazama usoni,
kisha husoma tena.

Bellandi nilimpenda kama wote walivyompenda.
Miaka miwili aliniita Taulo,
akinirushia pipi za mnanaa kutoka benchi.

Jumamosi ile tulicheza na wageni wa Osaka.
Seti ya tano, kumi na nne kwa kumi na mbili.
Aliruka, akapiga, mpira ukazama kwao kama msumari.
Halafu akaigeukia kamera,
akaweka vidole viwili pembeni mwa macho,
akavuta.

Sekunde mbili. Labda tatu.
Ukumbi ukacheka. Naapa ulicheka,
hata mzee Nedo wa tiketi, anayenitunzia baiskeli.
Nilikuwa nimepiga magoti mita nne kutoka pale,
na hili sijamwambia mtu:
midomo yangu ilianza kucheka pamoja nao
kabla macho hayajaelewa
kwamba ni yenyewe yanayochekwa.

Mwoka mikate alisema ni utani.
Mteja wake akasema siku hizi hata kukohoa ni kesi.
Mwalimu wa historia alihutubia kipindi kizima
na darasa zima likanigeukia, kana kwamba mimi ndiye ubao.
Ginevra alilia kwa ajili yangu, akalia sana,
ikabidi nimbembeleze.
Wafanyabiashara wetu waliandika barua,
wakagombana siku mbili juu ya neno moja:
tumesikitika, au tumekasirika?
Baba alizima televisheni.
Mama hakuinua kichwa kutoka kwenye cherehani.
"Zipu hamsini kabla ya saa nne," alisema,
lakini mshono wake, ambao sijawahi kuuona ukipinda,
ulipinda.

Alhamisi klabu ikatoa tamko.
Mwenyekiti alilisoma amevaa tai ya bluu.
Bellandi si mtu wa namna hiyo.
Bellandi ana rafiki Mchina
(nasi tulikuwa tumecheza na Wajapani).
Bellandi aliteleza.

Aliteleza.

Nililitafuna neno hilo njia nzima ya kurudi nyumbani,
maana sakafu ile ni yangu.
Kila tone lililodondoka pale nimelipigia magoti.
Mtu akiteleza, lawama ni yangu,
ndiyo sababu nikapewa fulana.
Na pale aliposimama, pale hasa,
nilikuwa nimepafuta kwa mikono miwili
kabla ya mpira ule wa mwisho.
Palikuwa pakavu, mwenyekiti.
Pakavu kama koo langu.

Alifungiwa mechi mbili. Akarudi na maua
na wapiga picha watano nyuma ya maua.
Waliniita nisimame kando yake.
Aliinama; macho yalikuwa mekundu, ya mtu asiyelala,
na kwa kitambo kidogo nilimhurumia.
"Samahani," akasema, akashusha macho kifuani pangu,
akasoma beji,
"Ilaria."
Nilipokea maua kwa kuwa mkono ulikuwa umeshanyooshwa.
Mpiga picha aliniomba tabasamu mara tatu.
Hana.

Seti ya pili Bellandi alijirusha,
akaacha bwawa la jasho mbele ya wavu.
Refa akasubiri. Ukumbi ukasubiri.
Kila mtu alikuwa ananitazama mimi na taulo langu.

Nilikwenda. Sikukimbia.
Nilifuta mpaka taa za dari zikaonekana chini,
kwa sababu wenzake nao wana magoti na vifundo,
na kwa sababu nilitaka,
siku nyingine vidole vikimpanda usoni,
asiwe na pa kutelezea.