Daftari la Zamu ya Usiku

Mimi si mtu wa uchumi.
Nilikuwa karani wa hesabu getini, Kilindini,
miaka ishirini na miwili ya zamu ya usiku,
kalamu sikioni, tangawizi ndani ya chupa yenye ufa.
Kontena likipita, naandika.
Lisipopita, naandika pia:
saa, mvua, jina la meli, na nilichokiwaza.

Hivyo ndivyo nilivyoujua ulimwengu,
kwa stakabadhi zake.
Mwanzo, mitumba. Mitumba juu ya mitumba,
suruali za watu walionenepa ng'ambo wakazikimbia.
Kisha simu za vibonye. Kisha za kupapasa.
Kisha, usiku mmoja wa Julai, makontena arubaini
ya vioo vyeusi vya kunywa jua.
Nikamuuliza dereva, "Yaenda wapi?"
"Kitui, Juba, kote kusikofika nyaya."
Nikapiga mstari chini, mara mbili.

Na mwaka ule maji yalipoingia nyumba za Changamwe
nilisoma neno nikadhani miwani imenikosea:
nepi za watu wazima.
Makontena matatu. Mwezi uliofuata, saba.
Nikakaa kwenye kiti changu cha plastiki.
Kumbe dunia inazeeka,
na mtu fulani, mahali fulani, alilijua hilo zamani
akajenga kiwanda, akangoja.

Chama chetu hukutana Mikindani, kwa Dzame,
wanawake tisa, sinia la viazi karai, ukwaju, sanduku la bati.
Kila Desemba twavunja, twagawana, twanunua vitenge,
Januari twaanza na sifuri kama watoto wa chekechea.
Nikaweka daftari mezani.
Nikasema, mwaka huu tusivunje.
Tununue hisa, vipande vidogo vidogo
vya haya yapitayo getini kwangu:
jua, betri, dawa za wazee, nyaya zilalazo chini ya bahari.
Si kwa mwaka. Kwa miaka kumi na mitano.

Kijiko kililia ndani ya kikombe.
"Mkamburi," akasema Nyamvula, "twala daftari?"
Wakacheka. Nami nikacheka, lilikuwa swali zuri.
"Miaka kumi na mitano! Hizo nepi zitakuwa zangu."

Kura: sita kwa tatu.

Sifichi. Mwaka wa pili hisa zilianguka.
Riziki hakunisalimu sokoni Kongowea miezi minne,
aliugeuzia uso wake vitunguu.
Usiku nililifungua daftari nikatafuta nilipokosea,
nikakuta ni hesabu tu, na subira haina safu yake.
Nyamvula akatoa zake, hasara juu, karo ya Kadzo.
Hatukumzuia. Nani angemzuia?

Leo Kadzo ni muuguzi,
ageuza wazee kitandani wasiote vidonda,
na kwao kuna paa jipya na friji.
Zetu zimepanda, ndiyo, zimepanda polepole
kama maji ya kisima baada ya masika,
na Riziki asema yeye aliamini tangu mwanzo.
Gawio likaja kwa simu, nikasoma kwa sauti:
shilingi mia nne na kumi kila mmoja.
Dzame akauliza kama kuna sifuri iliyobaki njiani.

Liko moja sijawaambia.
Makontena huingia yamejaa,
lakini niliyapiga tiki pia yakitoka:
tupu. Tupu. Chai. Tupu. Kahawa kidogo. Tupu.
Twanunua kesho ya watu wengine kwa vipande,
yetu twairudisha melini ikiwa hewa.

Nimestaafu. Kiti changu amekalia Mwakio, kijana wa Wundanyi.
Kila Ijumaa nampigia.
"Kuna nini kinachotoka?"
"Matupu, mama. Na parachichi."
"Parachichi makontena mangapi?"
Namsikia akifunua karatasi, winchi ikikoroma nyuma yake.
"Ngoja nihesabu."
Nangoja. Kalamu iko sikioni.