Leseni na Hati

Sidii ile ilikuwa na kovu upande wa chini.
Tuliisugua kwa dawa ya meno,
tukaipanguza kwa kanga ya mama, ikakubali.
Juu yake Nkwabi aliandika kwa wino mzito:
YA NKWABI, IGOGO. UKIIAZIMA IRUDI.
Na ilirudi. Ilivuka hadi Ukerewe,
ikakaa likizo nzima kwa watoto wa shangazi,
ikarudi inanuka maganda ya machungwa,
timu zile zile, kipa yule yule mzembe.

Mdogo wetu Malimi hashuki mlima.
Ngazi mia na ishirini za mawe, mvua ya Machi, za nini?
Anabonyeza, pesa inatoka kwenye simu,
gemu inaingia kabla ugali haujaiva.
Simcheki. Nami nimenunua hivyo hivyo
usiku wa manane, nina homa,
nikasema dunia imebisha hodi yenyewe
na viatu imevua.

Jumanne moja akafungua, pakawa peupe.
Ligi ya magari aliyoijenga miezi tisa,
gari la kijani alilolipa jina la bibi,
hakuna. Maneno machache ya adabu:
haipatikani tena, samahani kwa usumbufu.
Akauliza. Akajibiwa kwamba hakununua gemu,
alinunua ruhusa ya kucheza,
na mwenye ruhusa ameichukua.

Akamsomea mama aliyekuwa anachagua mchele.
Mama hajui gemu. Ila nyumba yetu
imekaa juu ya jabali miaka ishirini na sita
kwa karatasi ya kuhuishwa, kuhuishwa, kuhuishwa.
"Leseni," akasema, bila kuinua kichwa.
"Hiyo ni leseni, baba. Hati ni kitu kingine."
Akawatupia kuku chuya.

Nikaitafuta sidii. Ipo.
Ila mashine yake ilikufa mwaka ule wa radi,
na fundi wa Makoroboi aling'oa vyuma vyake
akatengenezea redio ya mtu.
Basi tunayo, na hatuwezi kuicheza.
Malimi akacheka, kisha akaacha.

Mama akaomba uzi.
Leo inaning'inia jabalini, juu ya dagaa walioanikwa,
inageuka na upepo wa ziwa.
Mwewe akishuka, inampiga mwanga machoni,
anapaa na njaa yake.
Wino umepauka.
Ukisogea bado unasoma ni ya nani.