Futi ya Sikudhani

Futi ilikuwa ya Sikudhani, fundi cherehani,
ya manjano, namba zimefutika kuanzia tisini.
Aliniazima kwa sharti: isilowe, isichezewe.

Nikaenda nayo Pugu, Septemba,
majani makavu yamefika kwenye vifundo,
kupima kazi ya mitondoro.

Kazi yenyewe ni kukaa.
Ganda linaning'inia juu, gumu kama ulimi wa kiatu cha zamani,
na jua la saa saba linalinyonya.
Nusu moja inataka kujipinda kulia,
nusu ya pili kushoto,
na kilichozishika ni mshono mmoja tu.
Zimenuniana hivyo tangu mvua ziishe.
Halafu
pa!

Husikii likianza. Unasikia majani yakipokea,
hapa moja, kule moja,
na moja upande ambao hukuutazama.
Unaifuata kwa magoti.
Mita tisa. Kumi na mbili.
Iliyokwenda mbali kuliko zote
nikaigeuzia futi mara kumi na nne:
mita ishirini na moja.

Wahenga walisema gogo haliendi ila kwa nyenzo.
Mtondoro hauna nyenzo. Una kinyongo.

Mkongo jirani yake una tabia nyingine.
Unafungua ganda taratibu kama mwenye duka,
mbegu nyeusi zimevaa kofia nyekundu;
hondohondo anakuja, anakula kofia,
mbegu anaiangusha anakojua mwenyewe, bila asante.
Na komwe, hizi tunazochezea bao,
husubiri maji makuu yapande kuzichukua.
Hizo sikuzipima. Futi ilikuwa fupi.

Ganda moja nililisahau juu ya kabati,
chumbani kwangu, Gongo la Mboto.
Usiku wa tatu likapasuka.
Wapangaji wote uani! Mmoja anasema luku,
mwingine anasema risasi,
Sikudhani na kanga kifuani, tochi ya simu mkononi,
anahesabu watu.
Asubuhi mwanawe, Pazi, akaikuta mbegu
ndani ya sufuria ya maharage yaliyolowekwa.
Akaigeuzageuza. "Hii nayo ndugu yao?"
Nikamwambia ndiyo. Ukoo mmoja.
Akaitoa, akaifuta kwa shati.

Jumatatu wakaja wapimaji wa barabara
na futi ya chuma, namba zote zipo.
Wakachora alama nyekundu ukutani,
pembeni mwa dirisha la cherehani.
Mita thelathini, wakasema, kutoka katikati ya lami.
Tukauliza tunahamia wapi.
Wakasema hilo si la idara yao.

Nilipomrudishia futi yake
Sikudhani aliikunja kidoleni, polepole,
kama anayefunga kidonda.
"Mbegu yako ya mbali ilifika wapi?"
"Ishirini na moja."
Akacheka, cheko fupi la puani.
"Basi nayo ingebomolewa."

Akarudi kwenye sare za shule, mshono wa pembeni,
pedali ikaanza.

Pazi ameipanda ile mbegu
kwenye kopo la rangi walilotupa wapimaji,
kingo zake bado nyekundu.
Hajaota kitu. Anamwagilia hata hivyo, kwa kifuniko cha chupa,
na nikimuuliza kwa nini asiipande ardhini
ananitazama kama mtu asiyejua kupima.
Kopo lina mkono, anasema.
Linabebeka.