Mkanda wa Tano

Picha ilikuja Tanga na gari moshi la Jumatano,
makopo manne ya bati. La tano lilisahauliwa Korogwe,
au Mombo, au popote makuli walipolala.
Semboja, mwendesha mashine, akaonyesha aliyonayo.
Watu wakatoka na nusu ya habari
wakaiona nzima.

Kwani nini kimebaki? Pikipiki arobaini
zimeshaingia mji usiotaka wageni,
vumbi limeshapanda hadi dirishani kwa hakimu,
na kiongozi wao, asiyecheka, kaagiza kahawa,
kailipia,
hakuinywa.

Wiki ile muuza kahawa wa Barabara ya Nane
alimwaga vikombe kumi na saba vilivyolipiwa.
Akasema vijana wameingiwa na wazimu.
Kesho yake akaongeza birika.

Kwangu walikuja saba. Mhina mbele,
kabeba viti vya lori bovu la kampuni ya mkonge,
kavichuna kama mbuzi wa Idi.
"Dada Mwantumu, tushonee makoti. Meusi."
Leksini yenyewe rangi ya uji wa ulezi!
Tukaipaka kiwi, makopo tisa,
na mgongoni nikadarizi ubawa.
Mmoja tu. Uzi mwekundu uliniishia,
na duka la Mhindi lilikuwa limefungwa.

Pikipiki hakuwa nayo hata mmoja wao.
Walikuwa na baiskeli, kama Tanga nzima,
wakabana pakiti za sigara kwenye spoki,
tatatatata mpaka Chumbageni,
kuku juu ya ua, watoto nyuma yao,
hadi maalim akatoka na bakora yake.
Breki saba kwa pamoja.
"Shikamoo, maalim,"
kiwi ikiwachuruzika shingoni kwa joto.

Magharibi haijaadhiniwa, kila mmoja kwao,
koti chini ya kitanda.
Mama zao walijua. Foronya hazisemi uongo.

Mwisho wa picha kila mtu alijitungia.
Mhina: kiongozi alifika baharini akazima mashine.
Singano: walimkamata, wakamnyoa.
Mimi nilisema alirudi kuinywa ile kahawa,
wakanicheka mpaka sindano ikanichoma.

Mhina tumemzika Mei. Sukari.
Siku ya hitma mjukuu wake, Shekue,
kaegesha bodaboda barazani kwangu,
koti zito kalivaa kinyume, zipu mgongoni,
kuzuia upepo wa barabara ya Pangani.
Kwenye tangi, stika:
ubawa mwekundu.

"Mbona mmoja?"
"Ndivyo ulivyo, bibi. Kijiwe chetu chote.
Hata wa Muheza wanao."
"Maana yake?"
Akapandisha mabega.

Ningemwambia habari ya uzi.
Lakini wa Muheza nao je, nani angewafuata
kuwaambia kwamba duka lilifungwa mapema?

Akatoa simu. "Babu alikuwa akiisema sana hiyo muvi.
Imo humu, yote, hadi mwisho. Nikuwekee?"
Nikamwambia ngoja kwanza nikumiminie kahawa.
Nikamimina. Simu ikalia, abiria yuko stendi,
akaruka juu ya mashine, "Narudi, bibi!"
na mtaa mzima ukajua kaondoka.

Kikombe kikabaki ukingoni mwa baraza,
nzi mmoja anakizunguka.
Nimekaa nacho hadi adhana.
Kisha nikainywa mwenyewe,
imepoa,
wala haikuwa mbaya.