Friji Nyekundu

Ililetwa na gari la kampuni, bure,
mwaka tulipofungua mkahawa hapa Develi.
Mama mkwe aliitazama ikishushwa, akasema:
anayekupa bure anatafuta mlango wa kuingilia.
Dursun, mume wangu, akacheka,
akaipangusa vumbi kama anayemfuta bibi harusi jasho.
Sharti lilikuwa moja, kwa herufi ndogo kama chawa:
humo ndani kisiwekwe kinywaji kingine.

Basi mtindi wangu ukahamia chini, ghalani, kwa vitunguu,
na mtungi wa maji ukabaki dirishani ukipigwa na jua
kama mgeni asiyeambiwa karibu.

Miaka kumi na tisa.
Nimepika dengu, nimepika maharage kwa mafuta ya kondoo,
wali wa kuchambuka punje kwa punje,
na kila sahani ilipotua mezani
nilisikia psss,
nikajua nimeshindwa,
maana sukari ikitangulia ulimini
mpishi amewapikia kuta.

Kâzım, fundi wa matairi, alikunywa tatu.
Moja kabla ya supu, moja na nyama,
ya tatu amesimama, kofia mkononi: "ya kusukumia."
Aliyemfungulia ni mimi.
Mkono huu, si mwingine.

Majira ya baridi wakamkata kidole cha mguu,
kisha na jirani yake.
Aliporudi alitembea kama anayeogopa kuamsha mtoto.
Akaketi palepale.
"Ile ya kila siku, Döndü."

Sikumjibu. Nilishuka ghalani.
Mtindi vikombe viwili, maji ya baridi kimoja,
chumvi ya kubana kwa vidole viwili tu,
nikaupiga kwa mwiko hadi povu likasimama, jeupe
kama kilele cha Erciyes mwezi wa tatu.
Nikautia kwenye bakuli la shaba, nikadondoshea mnanaa.

Akalitazama bakuli. Akanitazama mimi.
"Kwa hiyo sasa mimi ni mgonjwa?"
"Hapana. Sasa wewe ni mteja wangu.
Zamani ulikuwa wa friji."

Niseme kweli: hakupenda.
Alikunywa kama anayelipa deni,
akatoka na masharubu meupe
bila kuiombea heri mikono yangu.
Dursun akanuna siku mbili.
"Utatufukuzia watu, mwanamke."
Na kweli, madereva wawili wa malori walihamia kwa jirani.
Hawajarudi hadi leo.

Kisha mjukuu wangu Bedir, miaka saba,
akaniuliza, pale jikoni, kijiko kinywani:
"Bibi, eti maji yana ladha gani?"

Nilishika ukingo wa meza.
Mtoto amezaliwa chini ya mlima wenye theluji,
chemchemi tatu zinapita nyuma ya shule yao,
na haijui ladha ya maji.

"Tafuna kwanza hii pilipili," nikamwambia.
Akatafuna. Machozi yakamtoka, masikio yakawaka.
Nikampa glasi kutoka kwenye mtungi.
Akanywa yote, akashusha pumzi.
"Matamu!" akasema, kwa mshangao,
kana kwamba tulikuwa tumemficha.

Dursun alikuwa mlangoni.
Hakusema neno. Kesho yake akapiga simu,
na gari lilelile likaja.

Chini ya friji tulikuta vizibo arobaini, sarafu za zamani,
pete yangu niliyoililia mwaka mzima,
na mraba wa sakafu usiojua miguu ya watu.
Sasa pamekaa kabati la mbao:
mtindi, maji yenye vipande vya limau,
aprikoti kavu zilizolala ndani ya maji usiku kucha
hadi zikayaachia utamu wao zenyewe.

Ijumaa nilimwona Kâzım kituo cha petroli.
Kopo jekundu akalificha mgongoni, mzee wa miaka sitini,
kama mwanafunzi na sigara.
Nikamsalimu. Nikauliza mguu.
Kopo sikuliona.

Jumamosi alikuja mapema, kabla ya supu kuiva,
akagonga meza kwa kifundo cha kidole:
"Leo, Döndü, usinibanie mnanaa."